Chuma Kilichokosekana kwa Corvair

Linki za stabilaiza zinagonga kwa gari ya mzee, na fundi ananiambia tutoe hiyo chuma yote. "Itatembea tu, buda." Sawa, lakini hata Chevrolet Corvair ilitembea.

Corvair ilianza na modeli ya 1960 huko Marekani, injini nyuma. General Motors hawakuweka stabilaiza ya mbele, kubana gharama. Hiyo chuma huunganisha magurudumu ya kushoto na kulia ili bodi isilale kwa kona. Ikiwa mbele, inabebesha tairi za mbele kazi zaidi, za nyuma zinabaki na gripu. Bila hiyo, mkia wa Corvair ungechomoka ghafla, hata gurudumu la nyuma lijikunje chini ya gari. Dawa yao? Presha 15 mbele, 26 nyuma. Nani hukumbuka hiyo kwa petroli stesheni?

Modeli ya 1964 ikapata chuma. 1965 Ralph Nader akaianika kwa kitabu chake, *Unsafe at Any Speed*. 1972 serikali ikasema haikuwa mbaya kuliko gari zingine za wakati wake. Mimi hiyo hainitulizi.

Kwa mawe, polepole, kuitoa husaidia: kila gurudumu linafuata shimo lake. Lakini mzee huendesha Thika Road, usiku, mvua ikinyesha. Nimenunua linki mpya.