Krismasi ya Machakos: Kutoka Misheni ya Nzaui hadi Karakana za Wamunyu

Krismasi imesherehekewa Machakos kwa muda wa miaka mia moja na thelathini hivi, muda mfupi sana kwa sikukuu ambayo Kanisa la Roma lilikuwa likiiadhimisha tarehe 25 Desemba tangu karne ya 4. Pwani iliijua mapema. Siku ya Krismasi ya mwaka 1497, Wareno waliokuwa wakipita kusini mwa Afrika waliliita eneo hilo Natal, na karibu miezi minne baadaye Vasco da Gama akafika Mombasa. Kabla karne ya 16 haijaisha, watawa wa Kiagostino walikuwa wamejenga nyumba yao Mombasa. Hata hivyo ibada za Wareno hazikuvuka nyika ya Taru. Wakamba waliokuwa wakiteremka pwani na pembe za ndovu walirudi na nguo, shanga na chumvi, si dini.

Mmisionari wa kwanza kuingia Ukambani alikuwa Johann Ludwig Krapf, Mjerumani wa shirika la Kianglikana la CMS, aliyesafiri kutoka Rabai mwaka 1849 na tena mwaka 1851, na kupokewa na Kivoi, kiongozi mashuhuri wa misafara. Mwaka 1850 Injili ya Marko ilichapwa kwa Kikamba, kazi ya Krapf huyo huyo. Jambo hili linastahili kuangaliwa vizuri, kwa sababu Marko anaanza na Yohana Mbatizaji nyikani. Hana hori la ng'ombe, wachungaji wala mamajusi. Injili ya kwanza kuchapwa kwa lugha ya Wakamba haikuwa na habari za kuzaliwa Yesu hata kidogo. Agano Jipya zima, pamoja na Mathayo na Luka wenye habari hizo, lilitoka mwaka 1920, na Biblia kamili mwaka 1956. Katikati ya miaka hiyo sikukuu ilienea zaidi kwa mdomo, kwa nyimbo na kwa mafunzo ya katekisimu kuliko kwa kusomwa.

Mwanzo halisi wa sikukuu hiyo ni Nzaui, ambayo leo iko kaunti ya Makueni lakini kwa miaka mingi ilihesabiwa kuwa sehemu ya wilaya ya Machakos. Peter Cameron Scott, Mskoti aliyekulia Marekani, alifika huko Desemba 1895 na kundi dogo la wamisionari wa Africa Inland Mission (AIM). Kwa hiyo siku za mwanzo za misheni hiyo zilikuwa siku za Krismasi, ingawa wageni hao walikuwa bado wanatafuta maji, udongo wa kujengea na watu wa kuwafundisha lugha. Scott hakuiona Krismasi ya pili. Alifariki Desemba 1896 akazikwa Nzaui. Baada yake misheni ilipata vituo vingine, Kangundo, Mbooni na Machakos mjini vikiwamo, na mbegu hiyo ndiyo iliyozaa kanisa la Africa Inland Church, AIC, ambalo hadi sasa lina waumini wengi sana Ukambani. Chuo cha Scott kilichofunguliwa Machakos mwaka 1962 kilipewa jina lake.

AIM haikuwa peke yake. Upande wa Kitui, Walutheri walikuwa Ikutha tangu mwaka 1891 na Mulango tangu 1899. Walitoka Ujerumani, nchi iliyoupa ulimwengu desturi ya kupamba mti ndani ya nyumba. Vita vya Kwanza vya Dunia viliwaondoa, na vituo vyao vikachukuliwa na AIM. Wakatoliki, wakiongozwa na mapadre wa shirika la Roho Mtakatifu, walikita makao Kabaa, wakaleta Noeli yenye misa ya usiku wa tarehe 24 na pango lenye sanamu za Familia Takatifu. Jimbo Katoliki la Machakos lilianzishwa mwaka 1969, na askofu wake wa kwanza alikuwa Raphael Ndingi Mwana a'Nzeki, mzaliwa wa huko huko.

Tofauti za makanisa haya zilionekana wazi siku ya sikukuu. AIM ilikataza pombe, tumbaku na ngoma za jadi, jambo lililokuwa zito katika jamii ambayo sherehe zake hazikukamilika bila uki, pombe ya asali, na ambayo wanawake wazee walicheza kilumi kuomba mvua. Muumini aliyebatizwa aliacha vyote viwili. Pengo hilo lilihitaji kujazwa, na Krismasi ikawa mojawapo ya sherehe chache ambazo Mkristo wa Machakos angeweza kula, kuimba na kukesha na wenzake pasipo kuitwa mbele ya wazee wa kanisa. Chai ya maziwa yenye sukari nyingi ilichukua mahali pa uki, na kwaya ikachukua mahali pa ngoma. Jeshi la Wokovu, lililoingia Kenya mwaka 1921, lilileta tarumbeta na ngoma kubwa za bendi, na African Brotherhood Church, kanisa lililoanzishwa na Waafrika wenyewe mwaka 1945 na lenye makao yake Mitaboni, liliendesha ibada bila uongozi wa mzungu. Hayo ni mabadiliko makubwa ya utamaduni, na uchungu wake kwa wazee walioachwa na ngoma zao haupaswi kusahauliwa.

Hata hivyo, sura ya Krismasi ya Machakos haikutokana na misheni peke yake. Kilichoiumba zaidi ni mambo mawili ambayo hayana uhusiano na dini: mvua na ajira.

Ukambani una misimu miwili ya mvua. Mvua za Machi hadi Mei, uua, mara nyingi hukatika mapema. Zinazotegemewa zaidi ni za Oktoba hadi Desemba, nthwa. Krismasi ya Ulaya huangukia baridi kali na usiku mrefu, ndiyo maana ikajaa mishumaa, moto na miti isiyopukutika majani. Huku Machakos inaangukia wakati ambapo vilima vya Iveti vimefunikwa na kijani, palizi imekamilika, majani ya kunde yanachumwa na maembe ya kwanza yanaanza kuiva. Mavuno makubwa bado hayajaingia ghalani, lakini dalili zake zinaonekana shambani. Kwa hiyo sikukuu ilipofika ilikuta mkulima ana nafasi na ana matumaini. Nthwa inapokosa kunyesha, Krismasi nayo hupungua: mbuzi huuzwa badala ya kuchinjwa, na unga wa ngano haununuliwi. Ndivyo ilivyokuwa baada ya ukame mkali wa mwaka 1984, ambapo hata wenye fedha mkononi walikosa chakula cha kununua.

Ajira nayo ilileta safari. Machakos ulikuwa mji wa utawala wa Waingereza bara kabla ya Nairobi, lakini reli ilipita mbali nao, na reli ilipofika Nairobi mwaka 1899 utawala ukahamia huko. Wanaume wa Machakos wakafuata kazi: reli, nyumba za walowezi, polisi, na jeshi la King's African Rifles, ambalo Wakamba walijiunga nalo kwa wingi, hasa wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Waajiri wa Kizungu walifunga ofisi zao kwa ajili ya Krismasi. Likizo hiyo ya bwana ikawa likizo ya mtumishi, na baba aliyekuwa mbali mwaka mzima akapata siku chache za kuwa na watoto wake. Hapa ndipo Krismasi ilipovuka mipaka ya kanisa na kuingia hata katika boma ambalo halikuwa na mbatizwa mmoja, kwa kuwa kila boma lilikuwa na mtu wa kumpokea.

Safari hiyo haijakoma. Stendi kuu ya mabasi ya Nairobi inaitwa Machakos Country Bus, na wiki ya mwisho kabla ya tarehe 25 hujaa watu wa kila kabila wanaoelekea ushago, huku nauli ikipanda siku baada ya siku. Machakos yenyewe iko kilomita 60 na kidogo tu kutoka Nairobi, kwa hiyo wapo wanaofika asubuhi ya sikukuu yenyewe wakiwa na mkate, sukari, mafuta ya kupikia na nguo mpya za watoto.

Siku hiyo watoto huamka na kuvishwa nguo hizo. Kanisani kumefungwa baluni, karatasi za rangi na matawi ya saiprasi. Wanafunzi wa shule ya Jumapili hukariri mistari na kuigiza habari za Betlehemu, wakijitanda leso na shuka. Nyumbani mbuzi huchinjwa mapema. Vijana humchuna juu ya majani mabichi, mbavu huwekwa makaani, kichwa na miguu huingia sufuriani kwa supu, na nyama iliyobaki hupikwa mchuzi. Wanawake hukanda unga, husukuma chapati na kuzipanga moja juu ya nyingine ndani ya sufuria iliyofunikwa kitambaa zisikauke. Chapati ilitoka kwa Wahindi wenye maduka, pilau ikatoka pwani, na siku hiyo zote mbili huuweka kando muthokoi, chakula cha kila siku cha mahindi yaliyokobolewa na maharagwe. Jirani Mwislamu wa mjini hukaribishwa pia.

Kwa sababu watu wako nyumbani, mambo mengine yamesogezwa Desemba. Koo hukutana, harusi hufungwa, na familia ya kijana hupeleka ntheo, mbuzi watatu wanaofungua safari ya ndoa. Ndoa ya kimila imepata mahali ndani ya kalenda ya Kikristo bila kugombana nayo.

Wamunyu, mashariki mwa mji wa Machakos, Krismasi ni kazi kabla ya kuwa sikukuu. Mutisya wa Munge, mtu wa huko, alijifunza uchongaji alipokuwa Tanganyika wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, akarudi na ufundi uliogeuka kuwa riziki ya maelfu ya Wakamba. Miongoni mwa wanachochonga ni seti za pango la Betlehemu: Mariamu na Yosefu, mtoto katika hori, mamajusi, punda na ng'ombe, mara nyingine twiga akisimama mahali pa ngamia. Seti hizo huuzwa kwa wanunuzi wa Ulaya na Marekani, na ni lazima ziagizwe, zichongwe na kusafirishwa miezi kadhaa kabla ya Desemba. Kwa muda mrefu mbao zilizopendwa zilikuwa mpingo na muhugu, hadi miti hiyo ikaanza kuadimika. Tangu miaka ya 1990 wachongaji wamehimizwa kutumia mwarobaini, mjakaranda na mwembe, miti inayopandwa na kukua upesi.