Feza, masharti na polisi: historia fupi kutoka Marekani



Wengi wetu tuna ndugu waliotoka kambini wakapelekwa Marekani. Ndiyo maana swali hili linarudi kila mara: kwa nini polisi wa mji wa kule anajiingiza katika mambo ya uhamiaji?

Kule polisi si moja. Polisi wa mji ni wa mji, sherifu ni wa kaunti, lakini uhamiaji ni kazi ya serikali kuu ya Washington. Mwaka 1997, katika kesi juu ya silaha, Mahakama Kuu ilisema Washington haiwezi kumwamuru sherifu afanye kazi yake. Basi zikabaki njia mbili: kukubaliana naye ama kumlipa.

Makubaliano yalikuwa yameshafunguliwa na sheria ya 1996. Polisi wa mji anayependa anafundishwa kazi ya uhamiaji. Florida ilikuwa ya kwanza kutia sahihi, mwaka 2002.

Halafu ikaja feza. Mwaka 2017 Waziri wa Sheria, Jeff Sessions, alitia masharti katika msaada wa polisi unaoitwa Byrne JAG: maafisa wa uhamiaji waingie gerezani, na wapewe taarifa kabla mfungwa wanayemtafuta hajaachiliwa. Katika msaada mwingine, COPS, hakulazimisha mtu, ila aliyeahidi kushirikiana aliongezewa pointi.

Chicago ilikwenda mahakamani ikashinda. Byrne JAG inagawanywa kwa hesabu iliyopangwa na Bunge, kwa hiyo waziri hawezi kuongeza sharti lake mwenyewe. Los Angeles nayo ilishindwa kwenye rufaa mwaka 2019, kwa sababu COPS ni ya mashindano, na asiyetaka anaweza kuiacha. Mwaka 2020 mahakama ya rufaa ya New York ikakubali hata yale masharti ya Byrne JAG.

Mwaka 2025 bei ikapanda. Kuanzia Oktoba, Washington iliahidi kulipa mshahara wote wa kila polisi aliyefundishwa. Makubaliano yalikuwa 135 mwezi wa Januari. Kufika Septemba yalipita 1,000.

Wakuu wengi wa polisi wa miji mikubwa walikuwa wameonya zamani: mtu akiona polisi na uhamiaji ni kitu kimoja, aliyeibiwa hasemi, na shahidi ananyamaza. Mkimbizi aliyepokelewa ana karatasi zake, lakini nyumbani kwake anaweza kukaa mtu asiye nazo. Woga unawashika wote.

Na sisi tunaishi kwa misaada. Sharti la kuonyesha risiti ni haki kabisa, linalinda feza ya wote. Lakini sharti la kutoa majina ya waliorudi, wametokea wapi na wanakaa wapi, ni jambo lingine: linatugeuza kuwa wapelelezi wa watu wetu. Mtu akituogopa hatatuambia tena kama watoto wamelala njaa ama shamba lake limekaliwa.

Basi naomba hivi: kila fomu ya msaada isomwe masharti yake mbele ya wanachama, kabla ya kutia sahihi. Na wafadhili, mkiwa na sharti, tuambieni mapema linatoka kwa nani na ni la nini.