Sehemu ya 6: Maji hayakufika Granadilla

Haya wapendwa, nimetoka zamu ya usiku, nimelala masaa manne tu, lakini niliahidi kuendelea na safari ya Hispania na ahadi ni deni. Wale mlioniuliza "mbona hatuoni picha za bahari", jamani, nilikokwenda mimi bahari hamna. Ni Extremadura, magharibi kabisa, ukisogea kidogo unaingia Ureno. Mkoa unaitwa Cáceres. Nchi ya mialoni, mizeituni, nguruwe weusi na jua lisilo na huruma.

Mwenyeji wangu ni nesi mwenzangu wa wodini, kwao ni Plasencia. Nilimwambia nataka kuona kijijini kwao, sitaki mambo ya watalii. Akanipeleka kwanza Zarza de Granadilla. Tumefika saa tisa mchana, madirisha yote yamefungwa, hata mbwa wamelala. Nikauliza kama kuna msiba. Akacheka, akasema ndiyo saa ya kulala hiyo. Tukapata kahawa kwa wazee wawili waliokuwa wanacheza karata bila kusemezana, halafu akasema: "Sasa twende alikozaliwa bibi yangu. Ila hakuna mtu anayeishi pale."

Barabara inapita katikati ya miti, kimya, mara unaliona. Ngome! Mnara mkubwa wa mawe, ukuta umezunguka kijiji kizima, na maji pande tatu. Unaona kijiji kimesimama kwenye ulimi wa nchi kavu kama mtu aliyekimbilia kilimani wakati wa mafuriko.

Tuanze mbali kidogo, mnivumilie. Mahali hapa palianzishwa na Waislamu katika karne ya 9, wakati sehemu kubwa ya Hispania ilikuwa chini yao. Paliitwa Granada, jina moja na ule mji mkubwa wa kusini. Katika karne ya 12 wafalme wa León wakapachukua. Mwaka 1492 wafalme Wakatoliki walipoiteka ile Granada kubwa, hii ndogo ikabidi iitwe Granadilla, yaani Granada mtoto, watu wasichanganye. Ule mnara ni wa karne ya 15, kazi ya ukoo wa watawala wa Alba. Na wale Waislamu waliacha maneno ambayo mtu wa pwani yetu hapati shida nayo. Mkuu wa kijiji Kihispania ni alcalde, ambalo ni lile lile neno letu kadhi. Zaituni ni aceituna. Sukari ni azúcar. Hata "hata" yetu wanayo, wao wanasema hasta. Mwenzangu alibisha, tukakaa kwenye gari robo saa tunahesabu maneno. Nilimshinda.

Sasa tuje kwenye kisa chenyewe.

Mtawala wa Hispania kuanzia 1939 hadi alipokufa 1975 alikuwa Jenerali Franco. Huyu bwana alikuwa na ugonjwa wa mabwawa. Kila mto aliona unapoteza maji bure: tuzuie, tupate umeme, tumwagilie mashamba, tuonyeshe dunia kwamba tunajiweza. Magazeti na filamu za serikali zilimwonyesha akizindua bwawa leo huku, kesho kule, mpaka wananchi wakamwita chini chini Paco Rana. Paco ni kifupi cha Francisco, rana ni chura. Chura anayeruka kutoka bwawa hili kwenda lile. Nililipenda sana jina hilo, lakini enzi zile ukilitamka mbele ya mtu asiyefaa ulikuwa unajitafutia makubwa.

Hapa mto ni Alagón. Mwaka 1955 Baraza la Mawaziri likatoa amri: ardhi ya Granadilla inatwaliwa, litajengwa bwawa, kijiji kipo kwenye eneo la mafuriko, watu wote wahame. Walikuwa kama 1,000. Bwawa likapewa jina la José María Gabriel y Galán, mshairi aliyekuwa mwalimu, akaacha ualimu akawa mkulima pale jirani Guijo de Granadilla, na akafa huko 1905 akiwa na miaka 34. Aliandika kuhusu wakulima, tena mengine kwa lugha yao ya kijijini. Halafu jina lake likawekwa kwenye maji yaliyofunika mashamba ya wakulima haohao! Sijui nani alikaa kwenye kikao kile.

Mashamba mazuri yalikuwa bondeni, kando ya mto. Hayo yakaenda. Kijiji kilikuwa juu ya kilima. Mwaka 1963 maji yakapanda, yakafunika barabara zote za kuingia isipokuwa moja. Mwaka 1964 wakazi wa mwisho wakaondoka. Wengi walipelekwa kwenye vijiji vipya vilivyojengwa na serikali kwa ajili ya kilimo cha umwagiliaji, nyumba nyeupe zinazofanana zimepangwa kwa rula. Wengine wakaenda miji mikubwa kutafuta kazi.

Na maji? Maji yalipanda, yakapanda, yakaishia chini ya ukuta. Hayakuingia kijijini. Bwawa lile linabeba zaidi ya mita za ujazo milioni 900, sio dogo, lakini kilima cha Granadilla kiko juu kuliko ukuta wa bwawa. Someni tena hapo. Kijiji kiko juu kuliko ukuta! Waliohamishwa wanasema hilo lilikuwa wazi tangu mwanzo, mchungaji yeyote angewaambia wahandisi bure bila kulipwa.

Nilimuuliza mwenzangu kwa nini basi hawakurudi. Akasema wangerudi kula nini? Shamba liko chini ya maji. Na nyumba sio zao tena, ni za serikali. Franco alikufa, demokrasia ikaja, lakini ile amri ya kutwaa ardhi haikufutwa, na hadi leo hakuna aliyerudishiwa mlango wake. Kwa miaka mingi waliobaki wenyeji ni mbuzi na waliokuja kuiba mawe na mbao. Ukitaka kuona hali ilivyokuwa, tafuta filamu ya Almodóvar ya 1990, ¡Átame!, pale mwisho Antonio Banderas anaporudi kijijini kwao anakuta magofu. Yale sio ya kuchora, ni Granadilla yenyewe.

Mwaka 1980 serikali ikatangaza kijiji kuwa eneo la kihistoria, na kuanzia 1984 kikaingia kwenye mpango wa kufufua vijiji vilivyohamwa, pamoja na Búbal na Umbralejo. Wanafunzi wanakuja kwa makundi, wanakaa siku kadhaa, wanajenga, wanapaka rangi, wanalima bustani. Wametengeneza vizuri, sitasema uongo. Uwanja wa katikati una nyumba za rangi ya udongo na njano, kuna maua madirishani. Juu ya ukuta unaweza kutembea ukazunguka kijiji chote. Tulizunguka. Upande mmoja unaangalia chini unaona barabara ya zamani inateremka, inateremka, inaingia majini kama vile kuna mahali inakwenda.

Jambo moja sasa la kinesi. Mwaka huohuo wa 1964 ndio Shirika la Afya Duniani lilitangaza Hispania haina tena malaria. Ndiyo, malaria, hii hii yetu! Mkoa huu wa Cáceres uliteseka nayo sana, hata kituo kikubwa cha kupambana nayo kilikuwa mkoani humu, Navalmoral de la Mata. Kwa hiyo sipendi wale wanaosema vijijini zamani kulikuwa raha tupu. Watoto walikufa kwa homa. Umeme na maji ya bomba ni vitu vya kweli, na mashamba yale ya umwagiliaji mpaka leo yanalisha watu. Ninachokataa ni mtu kuambiwa nyumba yako itazama, wakati haizami, na ikithibitika haikuzama anaambiwa basi, imeshaandikwa.

Bibi yake mwenzangu alifia kwenye kijiji kipya. Miaka ya mwisho kumbukumbu zilimtoka. Usiku alikuwa anaamka anavaa, anauliza kama zamu yake ya kuoka mikate imefika, anataka kwenda kwenye tanuri. Tanuri la wapi, mama? La Granadilla. Sisi tuliofanya kazi na wazee tunajua habari hiyo, saa nane usiku mtu ameshika mkoba anaomba arudi kwao, na wewe huna la kumjibu, unamwambia tunywe chai kwanza.

Mara mbili kwa mwaka wenyeji wanarudi: tarehe 15 Agosti, Kupalizwa Bikira Maria, kwa sababu kanisa lao ni la Kupalizwa, na tarehe 1 Novemba, Watakatifu Wote, kusafisha makaburi. Wanakuja na watoto na wajukuu. Walioondoka wakiwa watu wazima wamekwisha karibu wote. Waliobaki walikuwa watoto siku ile.

Mwenzangu alinionyesha mlango wa bibi. Umepakwa rangi upya, una komeo. Akapiga picha akamtumia mama yake. Mama akajibu palepale: ule sio, ni wa pili kushoto. Tukahamia wa pili, akapiga tena. Huo nao ulikuwa na komeo. Muda wa kufunga ukafika, mlinzi akatupitia akituomba kwa adabu tutoke, sisi na familia moja ya watalii.

Sehemu ya 7 tutavuka kwenda Las Hurdes, ng'ambo ya bwawa, alikokwenda mfalme mwaka 1922 akakuta watu wana rovu shingoni. Wauguzi wenzangu, hiyo msikose. Ni Jumamosi, Mungu akipenda, sina zamu.