Gari kuukuu likizima njiani, chunguza kabla ya kununua vipuri

MWENYE gari kuukuu linalozima ghafla likiwa mwendoni hupata hasara mara mbili: kwanza hatari ya barabarani, kisha fedha anazotumia kununua vipuri ambavyo havikuwa vimeharibika. Mjini Kisumu si ajabu kumkuta mtu aliyekwisha kubadilisha betri, plagi na pampu ya mafuta, ilhali gari lake bado linazima pale pale kwenye mlima wa Kiboswa.

Usalama kwanza. Injini ikizima, usukani huwa mzito na breki huhitaji kukanyagwa kwa nguvu zaidi. Dereva aliongoze gari kando ya barabara bila kuutoa ufunguo, kwa kuwa usukani waweza kujifunga, kisha awashe taa za dharura na kuweka vibao vya pembetatu.

Jinsi gari lilivyozima ndiyo kidokezo kikubwa. Likikatika mara moja kama taa iliyozimwa, mshukiwe umeme. Taa zote za dashibodi zikipotea kwa pamoja, tazama vichwa vya betri na waya wa kutia ardhini; mara nyingi kinachohitajika ni spana tu. Likisitasita, likakohoa na kuishiwa nguvu kabla ya kuzima, mshukiwe mafuta.

Mahali nako kuna maana. Kisumu iko takriban mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na joto lake ni kali. Atokaye Mamboleo kwenda Kakamega, au Kisian kwenda Maseno, huanza kupanda mara moja. Mlimani injini hudai mafuta mengi, na hapo ndipo filta iliyoziba hujulikana, ingawa kwenye tambarare ya Ahero gari lilikwenda vizuri. Katika magari ya kabureta yenye pampu iliyofungwa kwenye injini, joto laweza pia kugeuza petroli kuwa mvuke ndani ya bomba. Kitambaa chenye maji baridi kikiwekwa juu ya pampu na gari likawaka, chanzo kimejulikana.

Jaribio jingine halina gharama: fungua kifuniko cha tangi. Ukisikia hewa ikivutwa ndani kwa nguvu, na gari likaendelea vyema baada ya hapo, tundu la kupitishia hewa limeziba.

Ubora wa petroli nao usisahauliwe. Uchanganyaji wa petroli na mafuta ya taa umekuwa tatizo sugu nchini, hata mwaka 2018 serikali ikaanzisha tozo ya Sh18 kwa kila lita ya mafuta ya taa ili kuudhibiti. Ukishuku maji, tia petroli kidogo katika chupa angavu na uiache itulie. Maji hushuka chini. Jaribio hilo halifichui mafuta ya taa.

Kosa kubwa ni kusubiri injini ipoe ndipo fundi aitwe. Koili na sensa ya krenki huweza kukatika zikipata joto na kufanya kazi tena zikipoa, hivyo fundi wa Kibuye au Kondele hukuta gari zima na kuanza kubahatisha. Pima papo hapo. Gari la sindano za mafuta likifunguliwa ufunguo, pampu iliyo ndani ya tangi kwa kawaida husikika ikivuma kwa sekunde mbili hivi. Ikivuma, fundi apime cheche kwa plagi ya akiba iliyogusishwa chuma cha injini, mbali na petroli yoyote iliyomwagika.

Gari likizima baada ya mvua ya alasiri, jambo la kawaida kando ya ziwa, kifuniko cha distributa na waya za plagi zikaushwe na kukaguliwa nyufa. Na iwapo taa ya betri ilikuwa imewaka kabla ya injini kuzima, altaneta ipimwe: injini ikinguruma, volti kwenye betri hazipaswi kushuka chini ya 13.5 au hivi. Betri mpya itazimika vilevile ikiwa haichajiwi.