Koltani ya Masisi na Vibao vya Umeme

Mtu akifungua simu iliyoharibika atakuta ndani yake kibao chembamba, mara nyingi cha rangi ya kijani, kilichopangwa vijipande vidogo kuliko punje za mtama. Hapa Himbi, kando ya ziwa Kivu, mafundi wa simu hukishika kila siku. Lakini ni wachache wanaofahamu ya kuwa historia ya mji wetu wa Goma, hasa tangu mwaka 2000, imefuata nyayo za vijipande hivyo. Kikibuniwa kimoja kipya ng'ambo, mlima fulani huku kwetu hujaa watu. Kikiachwa cha zamani, mlima hubaki mashimo matupu.

Tuanze mbali kidogo. Mwaka 1801 Mwingereza Charles Hatchett aligundua madini ambayo leo huitwa niobi, na mwaka 1802 Msweden Anders Ekeberg akagundua ndugu yake, tantali. Alilipa jina la Tantalos, mfalme wa hadithi za Wagiriki aliyesimamishwa majini asiweze kuyanywa, kwa sababu madini hayo hata yakitiwa katika asidi kali hayainywi. Ndugu hao wawili hukaa pamoja katika jiwe moja jeusi zito, ndilo koltani. Wabelgiji walipochimba bati huku Kivu na Maniema tangu miaka ya 1930, bati ndilo lililokuwa bwana. Koltani ilifuata nyuma tu.

Katika miaka ya 1950 wataalamu wa maabara ya Bell huko Marekani walitengeneza kapasita ya tantali iliyo kavu kabisa. Kapasita ni kama mtungi mdogo: huuweka umeme kwa muda mfupi sana na kuutoa sawasawa, usipwite. Unga wa tantali hushindiliwa na kuokwa hata ukawa kama sifongo, kisha kila tundu hufunikwa utando mwembamba mno. Hivyo mtungi ulio mdogo kama punje hubeba umeme mwingi. Bila ufundi huo, simu ya mfukoni isingekuwa nyepesi kama ilivyo.

Mwaka 2000 simu na mashine za michezo zilinunuliwa kwa wingi duniani, wenye viwanda wakaogopa kukosa tantali, na bei yake ikapanda mara kadhaa. Wakati huo Goma ilikuwa mikononi mwa RCD, nao mwezi wa Novemba wa mwaka huo waliipa kampuni moja tu, SOMIGL, haki ya kuuza koltani nje. Wakulima wa Masisi, nchi ya maharagwe na jibini, walitupa majembe ya shamba wakashika ya mgodi. Walimu nao walikwenda. Pole Institute ya hapa Goma iliandika habari hizo mnamo Januari 2002, na aliye na nafasi azisome.

Kisha mwaka 2001 bei ikaanguka ghafula. Wengi walidhani ni hila ya wanunuzi wa mjini, na hatusemi kwamba hila haikuwapo. Lakini sababu kubwa ilikuwa mbali. Wenye viwanda walikuwa wamejaza maghala kupita haja, na wahandisi wao, walipoona tantali imekuwa ghali, walikuwa wameanza kuweka kapasita za kauri mahali pake, hasa zile ndogo. Mchimbaji wa Rubaya hakuambiwa. Shamba lake lilikwisha kuota magugu.

Bati nalo lina habari ya namna hiyo, ila kwa upande mwingine. Bei yake ilivunjika mwaka 1985, na makampuni ya Kivu yakadhoofika. Baadaye nchi za Ulaya zilikataza risasi katika lehemu inayoshika vijipande juu ya kibao. Sheria hiyo ilianza kazi tarehe 1 Julai 2006. Lehemu mpya karibu yote ni bati. Hata kabla ya siku hiyo wafanya biashara walikuwa wamekwisha kuitazamia, na Bisie, mlima ulio msituni Walikale, ulikuwa umejaa maelfu ya wachimbaji, mizigo ikiletwa Goma kwa ndege ndogo. Sheria ya kulinda watu wa Ulaya na sumu ya risasi ilikuwa njema, ila huku ilileta bunduki mlimani.

Mwezi wa Julai 2010 Marekani ilitunga sheria ya kuwataka wenye viwanda waseme madini yao yametoka wapi. Serikali yetu ikasimamisha uchimbaji toka Septemba 2010 hata Machi 2011, na wazazi wengi wakakosa karo ya shule. Ndipo vikaja vibandiko vya kufungwa kwenye mifuko. Kwa maoni yetu, kibandiko ni kitu chema, lakini hakina macho. Thamani yake ni ya mtu anayekifunga. Mwenye Heri Floribert Bwana Chui, mkaguzi wa bidhaa hapa Goma, aliuawa mwaka 2007 kwa kukataa rushwa ili mchele mbovu upite. Kanisa lilimtangaza Mwenye Heri tarehe 15 Juni 2025. Mwaka 2024, baada ya M23 kuitwaa Rubaya, wataalamu wa Umoja wa Mataifa waliandika kwamba koltani ya huko ilivushwa kwa magendo hata Rwanda na kuchanganywa na ya huko.

Na vibao vijavyo? Kapasita za kauri zazidi kuwa ndogo. Nyingine hufanyizwa kwa silisi na kuzikwa ndani ya kibao chenyewe, zisionekane juu. Twasikia watu wakisema basi koltani imekwisha kazi. Sivyo. Kapasita za tantali zenye plastiki inayopitisha umeme huwekwa katika kompyuta kubwa, na utando wa tantali huzuia shaba isipenye ndani ya silisi katika vijipande vyenye akili. Fuwele za tantali na lithi nazo huchuja mawimbi ya simu. Lakini utando huo ni mwembamba kiasi kwamba gramu chache hutosha vijipande vingi sana, wakati mchimbaji hulipwa kwa kilo.