Fizikia Ilivyofika Dar es Salaam

Someni somo hili polepole, na anayesoma vizuri amsaidie jirani yake.

Ukitoka Soko la Kariakoo ukaelekea Mnazi Mmoja, utafika Mtaa wa Lumumba. Wengi wenu mnapita pale na mizigo yenu. Katika mtaa huo lipo jengo lililokuwa la chama cha TANU. Ndani ya jengo hilo chuo kikuu chetu kilianza, tarehe 25 Oktoba 1961, wiki chache kabla ya Uhuru. Wanafunzi hawakufika ishirini, na wote walisoma sheria.

Fizikia haikuwapo. Fizikia ni elimu ya nguvu, joto, mwanga na mwendo wa vitu, tangu mzani wa muuza mchele mpaka nyota za mbinguni. Elimu hii yataka vyombo vya kupimia na vyumba vya majaribio, navyo ni ghali. Kijana aliyetaka shahada yake ilimbidi atoke nchini, aende kama Makerere kule Uganda, au ng'ambo.

Mwaka 1964 chuo kilihamia Mlimani, nje ya mji, na mwaka 1965 masomo ya sayansi yakaanza. Mwalimu mmoja wa fizikia pale alikuwa Dakta Denis Osborne, Mwingereza. Siku moja alialikwa kuzungumza na wanafunzi wa shule ya Mkwawa, Iringa. Akamaliza, akasema, aliye na swali aulize.

Akasimama kijana, jina lake Erasto Mpemba. Akauliza: maji yakiwa kiasi sawa katika vyombo viwili, moja la digrii 35 na jingine la digrii 100, yakatiwa friji, yale ya moto huganda kwanza. Kwa nini?

Wenzake wakacheka. Walikwisha kumcheka zamani! Mwaka 1963, alipokuwa shule ya Magamba, wanafunzi walikuwa wakitengeneza aiskrimu. Huchemsha maziwa na sukari, huyaacha yapoe, ndipo huyatia friji. Mpemba aliona nafasi inakwisha, akatia yake yangali moto. Yakaganda kabla ya maziwa baridi ya mwenzake. Alipomwuliza mwalimu, aliambiwa amechanganyikiwa. Lakini rafiki yake aliyeuza aiskrimu mjini Tanga alimwambia kwamba yeye siku zote hutia ya moto, ipate kuganda upesi. Basi jambo hili lilijulikana kwa wachuuzi kabla halijafika darasani.

Dakta Osborne hakucheka. Alisema hajui sababu, ila atajaribu. Aliporudi Dar es Salaam akampa fundi wake kazi ile. Fundi akaleta habari kwamba kweli maji ya moto yameganda kwanza, lakini ataendelea kurudia mpaka apate jibu lililo sahihi! Mimi nampenda sana fundi huyu. Wengi wetu tungesema kama yeye.

Mwaka 1969 Osborne na Mpemba waliandika habari hiyo pamoja katika gazeti la walimu wa fizikia la Uingereza. Mpemba hakuwa mwana-fizikia. Alisomea utunzaji wa wanyama wa porini chuoni Mweka. Hata hivyo jambo lile linaitwa kwa jina lake duniani kote, ingawa Aristotle, mtaalamu wa Wayunani, alilitaja zaidi ya miaka 2,000 iliyopita.

Je, ni kweli? Wataalamu bado wanabishana. Mwaka 2016 wawili wa Uingereza walipima tena kwa uangalifu, wasilione. Wengine wanasema hutokea mara nyingine tu, na sababu wanazotoa ni mbalimbali.

Kazi yenu ni hii. Mwenye friji, au mwenye jirani auzaye barafu, achukue vikombe viwili vya bati vilivyo sawa, maji kiasi kile kile, kimoja cha moto, kimoja cha baridi. Angalieni msiungue. Tazameni saa, andikeni dakika katika daftari, mje nalo darasani.