Mnyapara, Meneja na Baraza la Wafanyakazi

Mwanafunzi wa menejimenti katika vyuo vyetu huanza na majina mawili: Frederick Taylor na Elton Mayo. Taylor, katika kitabu chake cha 1911, alitaka kazi ipimwe kwa saa, igawanywe vipande vidogo, na fikra zote zibaki kwa wasimamizi. Mayo alipata sifa kutokana na utafiti wa kiwanda cha Hawthorne, karibu na Chicago, ulioanza 1924 kwa kupima mwanga wa taa, hatimaye wafanyakazi zaidi ya 20,000 wakahojiwa kuhusu kero zao. Ni mambo ya kujua. Lakini Afrika Mashariki ilikuwa na historia yake ya kuongoza watu kazini kabla ya Hawthorne, na naamini mwanafunzi wetu angeanza na hiyo.

Chukua misafara ya karne ya 19, kutoka Bagamoyo hadi Tabora na Ujiji. Mpagazi alibeba mzigo wa frasila mbili hivi, yaani kilo thelathini na ushei. Kirangozi, kiongozi wa njia, alitangulia na bendera, na kila kundi lilikuwa na mnyapara wake. Wapagazi wa Kinyamwezi mara nyingi walikuja na wanyapara wao, watu wa kwao waliowaamini. Tajiri aliyebania posho aliweza kuamka akakuta mizigo imebwagwa na watu wametoroka. Kwa hiyo mnyapara alisikiliza pande zote mbili, kwani asipofanya hivyo msafara ulikwama porini.

Kwenye mashamba ya mkonge ya Tanga na Morogoro, chini ya Wajerumani na baadaye Waingereza, mnyapara alihamia upande wa tajiri. Kibarua alipewa kipande, kadi yenye nafasi 30. Kila siku aliyomaliza kazi aliyopangiwa iliwekewa alama. Asipoimaliza, siku ile haikuhesabiwa. Malipo yalitoka kadi ikijaa. Taylor angeupenda mpango huo. Lakini ndani ya kadi ile hapakuwa na nafasi ya kuandika kwamba mkonge wa sehemu fulani ni mbaya, au kwamba mtu ametukanwa. Neno la kibarua lilisikika kwa njia nyingine: mgomo wa makuli wa bandari ya Dar es Salaam mwaka 1939, kisha mgomo mkubwa wa Mombasa wa Januari 1947 uliosimamisha mji mzima.

Baada ya Azimio la Arusha la 1967, viwanda na mashirika mengi yalikuwa mali ya umma. Wengi walitarajia kwamba mwenye mali akibadilika, na bosi atabadilika. Februari 1970 Rais Nyerere alitoa waraka wa kuanzisha mabaraza ya wafanyakazi katika mashirika ya umma. Mabaraza hayo yalijadili mipango, uzalishaji na mishahara, lakini yalishauri tu. Uamuzi ulibaki kwa uongozi. Mwaka uliofuata ukaja Mwongozo wa TANU, chama tawala. Ibara yake ya 15 ilikataza kiongozi kuwa na majivuno, dharau na uonevu. Sentensi chache hizo zilifanya kazi ambayo waraka haukuifanya. Wafanyakazi walizikariri, wakazitaja mbele ya mameneja wao.

Kati ya 1971 na 1973 migomo ilifuatana. Issa Shivji, katika kitabu chake cha 1976 kuhusu mapambano ya kitabaka nchini Tanzania, anaonyesha kwamba mingi haikuwa ya mshahara. Watu waliweka zana chini kwa sababu ya meneja mwenye matusi, ubadhirifu au upendeleo. Hapo ndipo ninapoona uzito wa historia hii: Hawthorne watafiti waliingia kiwandani kuuliza, Dar es Salaam wafanyakazi walisema bila kuulizwa, na walikuwa na andiko la chama mkononi. Mwaka 1973 wafanyakazi wa kiwanda cha mpira cha Mount Carmel walimfungia nje mwenye kiwanda, wakaendelea kuzalisha wenyewe. Serikali iliwakubalia. Wengine walipojaribu kufuata mfano huo walikuta mlango umefungwa.

Miaka hiyohiyo, 1972, Chuo cha Uongozi wa Maendeleo kilianzishwa Mzumbe, na washauri wa McKinsey kutoka Marekani walishiriki kuandaa mpango wa Madaraka Mikoani. Utaalamu ulisafirishwa kutoka mbali wakati viwanja vya viwanda vya Dar es Salaam vilikuwa vimejaa mikutano.

Mabaraza ya wafanyakazi yapo hadi leo katika taasisi za umma. Waliokuwa vijana kwenye mikutano ile ya 1973 sasa wamepita miaka sabini, na mihtasari ya vikao vyao, pale ilipohifadhiwa, ni karatasi zilizopigwa chapa kwa mashine. Vyuo vinavyofundisha Hawthorne vina wanafunzi wanaotafuta mada za utafiti kila mwaka. Wapelekwe kwa wazee hao wakiwa bado wanaweza kusimulia.